K Inayokimbia

Kazi yangu ni kuchora herufi. Nikisema hivyo Nairobi, watu hutikisa kichwa kwa heshima na kuniuliza nimechora majalada gani ya vitabu na mabango ya maduka gani. Nikisema hivyo nyumbani, huku kwetu karibu na Chepilat, mtu huniangalia kwa huruma na kuuliza, "Kwani herufi hazikuwa zimechorwa tayari?"

Mama ndiye aliyeanzisha utani huo. Nilipoingia chuoni aliwaambia watu wote kanisani kwamba msichana wake anasomea herufi, na mzee mmoja wa kanisa akamfariji. Alisema hata mtoto wa dada yake alichelewa kujua kusoma, lakini sasa anasoma vizuri tu. Miaka baadaye nilimleta Mama Nairobi aone maonyesho yangu ya kwanza. Nilikuwa nimechukua herufi moja, nikaikuza, nikaikata na kuigeuzageuza mpaka ukuta mzima ukabaki na umbo tu, jeusi juu ya jeupe. Watu walisimama mbele yake na glasi mkononi wakiinamisha vichwa huku na huku. Mama alisimama nao kwa muda, mkoba kwapani, kisha akaninong'oneza, "Imeandikwa nini?"

"Haijaandikwa kitu, Mama. Ni umbo."

"Na hawa wote wanasoma nini?"

Mama alirudi nyumbani akawaeleza majirani kwamba Nairobi kuna watu wanavaa vizuri sana lakini hawajui kusoma, na mimi ndiye mwalimu wao. Mpaka leo kuna wanaoniita mwalimu.

Basi kazi za mjini zilipopungua nikaja nyumbani kukaa kidogo, na hapo ndipo mambo ya mitungi yalipoanza. Lazima nieleze, maana asiyeishi huku hawezi kuelewa jinsi watu wazima walivyokosana kwa sababu ya herufi mbili. Sisi tuna chai kidogo na ng'ombe wachache, kama karibu kila boma la kilima chetu. Maziwa ya asubuhi hutiwa kwenye mtungi wa alumini, mtungi hupelekwa kwenye jukwaa la mbao kando ya barabara, na lori la maziwa huubeba mzima mzima mpaka kituo cha kupozea. Karani hupimia huko. Maziwa yakiwa safi, mtungi hurudi mchana ukiwa mtupu. Yakiwa na maji, mtungi hurudi nayo yote, na juu ya kifuniko karani amepiga msalaba wa chaki. Mtungi wenye msalaba hukaa pale jukwaani kila mpita njia auone, mpaka mwenyewe aje. Na wenyewe huja wamejifunika leso kichwani hata kama jua linachoma.

Mtungi wa Mama haukuwahi kurudi na msalaba. Hilo utaambiwa kumhusu kabla hujaambiwa ana watoto wangapi. Mtu akiwa na koito, ile siku wakwe wanapokuja rasmi kuposa, humwendea Mama kuomba maziwa ya kugandisha mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, kwa sababu maziwa ya maji yakiingia kwenye kibuyu hukuaibisha mbele ya wakwe, na mkwe haisahau aibu kama hiyo. Msimu huo familia moja ya kule juu ilikuwa imeshamwomba. Binti yao alikuwa anaposwa na watu wa Ndanai, na vibuyu vilikuwa vimeanza kusafishwa. Mama hakujisifu. Alilitaja tu jambo hilo kwa kila aliyekuja kuazima chumvi.

Sasa, herufi. Huku kwetu mvulana huzaliwa na K na msichana huzaliwa na C. Ukishasema Kip au Chep, nusu ya jina imekwisha. Kilichobaki ni kueleza kama alizaliwa alfajiri, au mvua ikinyesha, au wageni wakiwa sebuleni. Ukiandika herufi za mwanzo peke yake, kilima chote ni C.K., na wachache ni K.C. Nambari za uanachama zipo, lakini ziko kwenye kadi, kadi ziko kabatini, na ufunguo wa kabati anaujua Mungu.

Utingo wa lori, mtu mzima mwenye mvi, alitofautishaje mitungi? Kwa ubaya wa mwandiko. Kila mtu alikuwa amejiandikia mwenyewe kwa rangi ya mafuta iliyobaki alipopaka dirisha, na kila ubaya ulikuwa na jina lake. Kulikuwa na C iliyolala. Kulikuwa na K ya bakora. Kulikuwa na zile zinazolia, ambazo rangi ilikuwa nyepesi mno ikachuruzika mpaka chini. Jirani yetu wa karibu, mama aliyetoka upande wa Nyamira akanunua shamba hapa, alikuwa na M, na hiyo haikuhitaji jina kwa sababu ilikuwa M pekee barabarani.

Mtungi wa Mama uliitwa K inayokimbia. C ilikuwa ya jina lake na K ilikuwa ya Baba. Baba aliziandika zote mbili asubuhi moja lori likiwa limeshapiga honi, akiwa ameubana mtungi katikati ya magoti. C ilitoka salama. Alipofika kwenye mguu wa K mtungi ukateleza ukazunguka, naye hakuinua brashi, basi mguu ukaenda, ukaenda, ukazunguka ubavu mzima wa mtungi karibu uikute C kwa nyuma. Mama alimwambia ainyooshe. Baba akasema hiyo K inatangulia mbele ya lori isichelewe. Mama alimwambia tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Baba alikuwa mtu wa kusema "kesho" kwa sauti nzuri sana, na alifariki miaka michache iliyopita bila kuinyoosha.

"Wewe si umesomea?" Mama aliniambia wiki ya kwanza niliporudi. "Watu wa Nairobi wanakuja kutazama herufi zako, na mtungi wa mama yako unakimbia barabarani kama umeiba."

"Una hakika? Hiyo ni ya Baba."

"Ni ya Baba, ndiyo maana imepinda. Nilianza kumwambia kabla wewe hujaota meno."

Akachukua msasa akasugua mwenyewe. Alisugua kwa nguvu, mikono yote miwili, akimgombeza marehemu kidogo kidogo kwa Kipsigis, mpaka alumini ikang'aa. Kisha akanisukumia mtungi kwa mguu na kuniambia nifanye kazi niliyosomeshewa.

Niliifanya, wacha niseme ukweli. Nilichora C na K nene, zenye mabega, zenye viguu vidogo chini kama kigoda, nikazikata kwenye kadibodi ngumu ili nipitishe brashi na ukingo ubaki safi. Nikatumia rangi ya buluu iliyokolea. Mama aliuzunguka ule mtungi, akasema, "Sasa huyu ni mtu amesimama." Kesho yake majirani waliuona jukwaani, na jioni uwanja wetu ulikuwa umejaa mitungi. Kila mmoja alitaka zake ziwe kama za Mama, si karibu na za Mama, kama za Mama kabisa. Walikunywa chai yetu wakisubiri zamu. Kwa kilima kizima nilihitaji kukata herufi mbili tu, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote mwenye akili, lakini siku hiyo hatukuwa na mtu kama huyo. Mama wa Nyamira naye alikuja, nikamkatia M yake, akaketi kando akitutazama.

"Nyinyi watu wa C na K," alisema, "mmependeza. Mmekuwa kama mapacha."

Tulicheka, tukidhani ametusifu.

Asubuhi iliyofuata jukwaa lilipigwa picha na kila mwenye simu. Utingo alivua kofia. Dereva alishuka, jambo ambalo dereva huyo hafanyi hata akikanyaga kuku, akasema leo amekuja kubeba bibi harusi. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikijifanya nimekuja kutafuta mtandao. Nimewahi kuonyesha kazi zangu kwenye kumbi zenye taa maalumu, na sijawahi kujisikia vile.

Mchana mitungi ilirudi, na ilirudi ovyo, wa huyu kwa yule. Vifuniko ndivyo vilivyotuambia, kwa kuwa kila mtungi una kifuniko chake na vingine haviingii. Watu walizunguka na mitungi barabarani wakijaribisha vifuniko kama viatu. Mzee mmoja alikataa wake kabisa, akasema wake haukuwa na harufu ya sabuni hiyo. Siku za kwanza ilikuwa vichekesho. Utingo alijaribu kuupanga kila mtungi mahali ulipochukuliwa jukwaani, lakini ndani ya lori ilikuwa imechanganyika, naye akawa anabahatisha. "Mwalimu," aliniambia bila ubaya, "umenivalisha watoto wote sare moja, na wote wanaitwa jina moja."

Kisha mtungi mmoja ukarudi na msalaba, na utingo akauweka kwenye pembe karibu na nguzo. Pembe hiyo ni ya Mama. Tulipofika, watu walikuwa wameshapita, wameshaona, na kila mmoja alikuwa ameshachukua mtungi mtupu akaenda nao nyumbani. Ulibaki huo mmoja, umejaa, na msalaba mweupe juu yake.

Mama alifungua, akachovya kidole, akaonja. "Haya si ya ng'ombe wangu," alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kwa watu wachache waliokuwa dukani ng'ambo ya barabara, nao wakaitikia kwa adabu. Shida ni kwamba kila mwenye msalaba husema hivyo hivyo, na Mama mwenyewe amewahi kuwacheka wanaosema. Hakuwa na leso ya kujifunika. Aliubeba mtungi kichwa wazi mpaka nyumbani, mimi nikimfuata nyuma.

Baada ya siku mbili hivi shangazi yangu akapiga simu. Wale watu wa koito walikuwa wamemtuma aseme asante sana, Mungu ambariki Mama, lakini wamepata maziwa ya kutosha. Mama akashukuru, "Kongoi, hakuna shida." Akaweka simu kwenye meza, akainyoosha ikae sawasawa na ukingo wa kitambaa, kisha akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwatazama. Niliumia. Ningependa anigombeze, anajua kugombeza vizuri.

Wazee walikutana jukwaani, na hapakuwa na mjadala mrefu. Mitungi irudishwe kwa wenyewe bila maswali, herufi za buluu zifutwe, kila mtu arudi kwa mwandiko wake. Msasa ulikwisha kwenye maduka ya Chepilat. Kisha wakaja kwangu, watu wale wale, mmoja mmoja, wakiona haya, kuniomba niwaandikie vibaya.

Nilijaribu. Nimelala macho wazi kwa ajili ya kazi nyingi, lakini sijawahi kupewa ngumu kama hiyo. Mkono wangu uligoma. Nikijaribu kuilaza C, inalala kwa mpango. Nikitengeneza bakora ya K, inatoka bakora ya dukani. "Hii ni nzuri," mzee alinilaumu, "hata hujajaribu." Basi nikawapa brashi wenyewe. Mzee yule alikaa chini, akatoa ulimi pembeni mwa mdomo, na bila kufikiri akaiangusha C yake imelala vilevile ilivyokuwa imelala miaka yote. Mwingine akachanganya rangi ikawa maji, herufi zikalia. Jioni hiyo ubaya wote wa kilima ulikuwa umerudi mahali pake, kila mmoja na mwandiko wake, wakatoka uwanjani kwetu wamefurahi kuliko siku ile ya kupendeza.

Ukabaki mtungi wa Mama, umesuguliwa, hauna kitu. Aliyekuwa na mwandiko ule hakuwapo tena wa kupewa brashi.

Mama angeweza kujiandikia mwenyewe herufi mpya, na nilimwambia hivyo. Akaniuliza nani ataijua. Karani wa kituo amezoea K inayokimbia, utingo amezoea K inayokimbia, na jina la maziwa yake lilikuwa limekaa kwenye ule mguu mrefu kuliko lilivyokaa kwenye kadi. Akileta herufi ngeni sasa, wiki hii baada ya msalaba, itaonekana ni mtu anayejificha. Alisema kweli. Nikaanza kutafuta picha. Tuna picha za harusi, za ubatizo, za ng'ombe wa kwanza wa gredi akiwa amevishwa shada. Hakuna aliyewahi kuupiga picha ule mtungi kabla haujapendezeshwa.

"Kaa chini," Mama aliniambia asubuhi, tulipomaliza kukamua. "Ubane kwa magoti."

Nikakaa kwenye kigoda, nikaubana. Yeye akasimama nyuma yangu, mikono kwenye kanga ya kiunoni.

"C yake ilikuwa ya kawaida, iandike tu. Hapana, juu kidogo. Hapo. Sasa K. Ule mkono wa juu ni mfupi, aliogopa kugusa mpini. Mfupi zaidi. Sasa shuka na mguu."

Nikashuka. Nikafika mahali ambapo mguu wa K yoyote duniani husimama, brashi ikasimama yenyewe.

"Usisimame. Yeye hakusimama."

"Mama, nitafika kwenye mshono."

"Aliupita mshono. Uzungushe mtungi, usizungushe mkono. Endelea. Hapa paliinuka kidogo, honi ilipiga mara ya pili. Sasa shusha. Endelea. Inakuwa nyembamba kwa sababu rangi inaisha, usichovye tena. Hapo mwisho kuna tone, kubwa kama punje ya mahindi. Wacha lidondoke."

Nikaliacha likadondoka. Tuliutazama mtungi, na K ilikuwa inakimbia. Mimi niliyesomea maumbo, niliyeishi na mtungi ule tangu utotoni, nisingeweza kuchora hata robo yake peke yangu.

"Umeijuaje hivyo?"

"Nimeitazama kila asubuhi nikiikasirikia," alisema. "Huwezi kukasirikia kitu miaka yote hiyo bila kukijua." Kisha machozi yakamjaa, akayafuta kwa ncha ya kanga, akasema ni harufu ya rangi.

Lori lilipokuja kesho yake, utingo aliinua mtungi wa K ya bakora, akainua wa C iliyolala, akafika kwenye pembe karibu na nguzo akasimama. Aliupitisha mkono kwenye ule mguu mpaka nyuma ya mtungi. "Mzee amerudi kazini," alisema. Mama akamwambia achunge asimchubue rangi. Mchana mtungi ulirudi mtupu, kwenye pembe yake, na kifuniko chake kikaingia mara ya kwanza.

Haikupita wiki, msalaba ukatokea tena. Safari hii ulikuwa juu ya mtungi wenye herufi ambazo kilima chote kinazijua, na sitasema ni zipi, maana naishi na watu. Mama alipita karibu nao akausalimia, "Chamgei," kama mtu anavyomsalimia mzee mwenzake, akaendelea na safari. Mama wa Nyamira alicheka mpaka akashika nguzo.

Watu wa koito walikuja wenyewe. Hawakutuma shangazi. Walikuja baba na mama, wamevaa vizuri, wamebeba vibuyu vyao vilivyosuguliwa makaa, wakazungumza kwanza habari za mvua, za chai, za afya ya ng'ombe, na hawakutaja yale maziwa mengine waliyokuwa wamepata ya kutosha. Mama naye hakuwauliza, ingawa nilimwona anavyotamani. Aliwatilia maziwa mwenyewe, kibuyu baada ya kibuyu. Yule mama wa binti aliinama akaitazama K, akaufuata mguu wake kwa macho mpaka ukapotea nyuma.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. "Imepinda kweli."

"Imepinda," Mama alisema. "Nilimwambia ainyooshe mpaka nikachoka." Akafunga kifuniko, akakibonyeza kwa kiganja. "Mungu alinisaidia, mzee hakunisikia hata siku moja."

Wageni walipoondoka alichukua kitambaa chenye maji, akafuta tope kwenye ule mguu pole pole, toka mwanzo mpaka kwenye tone, kisha akaniuliza kama nimemfunga ndama.